Kesi ya Mwanyumba Badru

Jumatatu, 3 Februari
Nyumba kimya. Kanga ya Maryam bado ipo kambani, siianui. Mke wangu yuko kwao Ushongo, Pangani, amenuna.

Kosa langu? Alikuwa anatoka kwa shangazi yake Mombasa, nikaahidi kumpokea Horohoro. Sikwenda. Mahakama ya Rufani imekuja Tanga kwa vikao, na mimi starehe yangu ni kusikiliza kesi. Wengine wana mpira! Nikanogewa, nikasahau. Maskini, alikaa mpakani na mabegi yake mpaka jua likazama.

Leo nimepata dawa, tena mahakamani humo humo. Mahakama ile ikishaamua jambo, zote za chini zinafuata, na yenyewe haiachi uamuzi wake hivi hivi. Sasa, kwa akina Maryam mahakama ya juu ni bibi yake, Bi Time. Hata baba mkwe hampingi. Na Bi Time alishamsamehe mwanyumba wangu Badru, aliyemwoa dada yake Maryam, alipomsahau mkewe kliniki Pangani na mtoto mgongoni! Nimeshashinda.

Jumatano, 5 Februari
Ushongo. Nikampa Bibi shikamoo, nikamwaga hoja. Akanisikiliza huku anachambua mchele. Kisha akasema kesi hazifanani. Badru alikuja analia, hajala, akasema hapati usingizi bila mkewe. Mimi nimekuja na habari za Badru tu. Kesi ikitofautiana, uamuzi wa zamani haukusaidii. Nimekwama!

Nilimwona Maryam uani, anakuna nazi. Amekonda. Nilitaka kumwambia upande wake wa kitanda sijaugusa. Nikamwuliza kama huku mvua imenyesha.

Ijumaa, 7 Februari
Nimekumbuka! Kwa kawaida majaji wa rufani huketi watatu. Wakitaka kuuacha uamuzi wao wenyewe, huketi watano. Basi nimtafutie Bibi wenzake wanne.

Jumapili, 9 Februari
Nimewakusanya mabibi watano mkekani, na halua juu. Swali lao lilikuwa moja: je, namtaka mke wangu? Swali jepesi. Nikaanza na historia ya kesi ya Badru. Walicheka, mmoja akapaliwa na tambuu. Uamuzi wa wote watano: nirudi kwangu.

Lakini Maryam akanifuata barabarani! Kasema amenisamehe yeye mwenyewe, si kwa kesi ya mtu. Kasema amenikumbuka, Ramadhani inakaribia na hataki kufuturu mbali nami. Jumanne anarudi. Nimpokee stendi mchana, nisimwache tena na mabegi. Nikalia garini njia nzima mpaka Nguvumali, hapa Tanga. Abiria wa jirani akanipa leso.

Jumanne, 11 Februari
Nimefagia. Nimebadilisha shuka. Nimepika samaki changu wa nazi kwa mkono wangu, na chumvi haikuzidi sana. Nikavaa kanzu, nikatoka mapema. Njiani nikapita mahakamani. Jopo la watano! Majaji watano wa kweli! Nikasema nichungulie tu.

Nilipofika stendi jua limeshapoa. Muuza kashata akaniambia kulikuwa na dada mwenye mabegi mawili, ananukia udi, kila akitokea mwanamume wa kanzu anainuka. Mwisho akapanda gari la kurudi Pangani.

Changu amepoa, sikumgusa. Kanga nimeianua, nimejifunika nayo usoni. Namtaka Maryam, wallahi, namtaka mpaka kifua kinauma.

Lakini nisikate tamaa. Kumbe Badru simhitaji tena! Sasa kuna uamuzi wa Maryam mwenyewe: mume aliyemsahau mkewe njiani na mabegi, kwa sababu ya mahakama, alisamehewa. Safari hii kesi zinafanana kila kitu! Kesho alfajiri naenda Ushongo kumweleza.