Mkwe Ndani ya Kamusi ya Kiingereza

Jumatatu, 3 Agosti 1964. Diani.
Njia nimeipata. Mgeni mmoja, mwalimu huko kwao, ameniambia nilipompelekea chai kwamba kamusi ya Kiingereza haijafungwa. Maneno mapya yanaingizwa, mradi watu wayatumie sana. Hata sandwichi, asema, lilikuwa jina la bwana mmoja wa kwao. Jina la mtu! Sasa analiwa dunia nzima.

Mzee Thoya amekubali posa yangu kwa binti yake Kanze. Mkewe, Bibi Sidi, anasitasita. Ananiona mhudumu wa hoteli mwenye maneno mengi, na moyo wake uko kwa Chirau, dobi wetu, ambaye kazi yake ni kufua mashuka na kunyamaza. Basi nitampa Bibi Sidi zawadi ambayo Chirau hataiweza hata akifua bahari. Nitamtia kwenye kamusi.

Jumanne, 4 Agosti.
Kuna tatizo. Kwetu jina la mkwe halitamkwi. Tangu siku ya posa namwita Mama Kanze, tena macho chini. (Humu naandika tu. Kuandika si kutamka.) Nimewaza hadi chai ya wageni ikapoa. Jibu: mwiko ni wa kwetu, Waingereza hauwahusu. Kwao halitakuwa jina, litakuwa chakula. Mhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu, kuanzia leo unaitwa sidi. Baya mpishi ameniuliza kama nina homa. Nimemwambia aendelee kukaanga.

Alhamisi, 6 Agosti.
Mambo yanakwenda. Wageni wanaagiza sidi moja, sidi mbili. Bibi mmoja wa Kizungu amelalamika kwamba sidi ya leo ni ngumu, ya jana ilitafunika vizuri. Chirau alipita na kapu la mashuka, akasimama, akasikiliza, akaenda zake. Wivu tu.

Ijumaa, 7 Agosti.
Nimekwisha. Bibi Sidi alikuja jikoni na mayai. Chirau ndiye aliyemwambia hoteli inanunua. Akamkuta mgeni akiniagiza sidi ya moto, nami nikijibu kwa sauti kwamba sidi ya moto imekwisha, imebaki baridi ya jana. Kiingereza hakijui. Jina lake analijua. Aliyaweka mayai chini polepole, na upole ule ndio ulionitia hofu. Chirau akambebea kapu hadi barabarani.

Jumapili, 9 Agosti.
Nimeitwa Waa, kijijini kwa wakwe, mbele ya wazee. Mama Kanze alisema mkwe kutamka jina lake peke yake ni aibu ya kutosha, lakini huyu amemtia kwenye sahani na kumkamulia ndimu. Nikaeleza habari za kamusi. Hazikusaidia. Nilimsikia Kanze nyuma ya mlango akicheka, kisha akilia. Nikasema kweli tupu, kwamba simtaki mwingine, na nikimkosa sijui nitaishi vipi. Mzee Thoya akanitetea. Hukumu: leso mpya, kuku mweupe, na niape kutotamka jina la mama mkwe kwa lugha yoyote. Nikirudia, Kanze ni wa Chirau. Nimeapa.

Jumatano, 12 Agosti.
Kiapo nimekishika. Mhogo unaitwa mhogo. Mchana mgeni mpya aliniuliza supu yetu ya samaki wa nazi inaitwaje. Mzee Thoya alikuwa mlangoni, ameleta nazi, ananitabasamia. Mtu aliyenitetea mbele ya watu! Nami si mtu wa kusahau fadhila. Isitoshe, niliapa kuhusu mama mkwe tu, baba mkwe hakutajwa. Nikamjibu mgeni kwa sauti ya kufika mlangoni: inaitwa thoya.

Mzee ameziacha nazi zote na kuondoka mbio, bila shaka kumpelekea mkewe habari njema. Jioni nimempa Chirau kanzu yangu ya harusi aipige pasi. Ameipokea kwa adabu, akaipima mabegani mwake, akasema inatosha kabisa.