Ziwa Linalojua Jina Langu

Jumatatu, 1 Agosti 1966. Sindo.

Habari kubwa! Phelesia, shangazi yake Roseline na mshenga wangu, amefika sokoni kutoka Takawiri na samaki wake wa kuuza, na jibu pia. Baba yake Roseline amekubali kunipokea. Jumamosi hii. Niende mwenyewe, nikae kwenye kiti chake, nile chakula chake. Nisipofika, atampokea Onyango, mvuvi anayemtaka Roseline pia.

Nimeshona kola mbili mfululizo nikiimba. Kola ya tatu nikakumbuka kwamba Takawiri ni kisiwa.

Mimi Dishon Wangwe, fundi cherehani, mzaliwa wa hapa hapa ufukweni, sijawahi kupanda mtumbwi. Baba mdogo Wangwe alichukuliwa na ziwa kabla sijazaliwa, nami nikapewa jina lake. Tangu utotoni dani Zilpah, bibi yangu, amenionya: ziwa linalijua jina hilo. Likikuona litadhani umetoroka, litakurudisha. Sasa nina miaka thelathini na moja. Samaki nanunua sokoni, tena nikiwa nimeyapa maji mgongo.

Jioni Onyango amepita na mtumbwi wake wenye injini mpya. Ameuliza kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, kama nimeshajishonea mtumbwi. Mshenzi!

Jumanne, 2 Agosti

Mpango! Mgonjwa haendi kwa watu, watu huja kwa mgonjwa. Nikafunga mguu kwa vitambaa vya bitana, nikalala kitandani, nikampelekea Phelesia salamu kwamba nimevunjika vibaya. Baba yake Roseline angevuka yeye, aje anione, aone na cherehani. Akili nyingi!

Phelesia amekuja na mama mmoja wa sokoni anayeunga mifupa. Mama amepapasa goti, akasema huu mvunjiko umejificha ndani sana. Akavuta. Nikapiga mayowe. Akafurahi, akasema ndipo hapo hapo, akavuta tena.

Sasa nachechemea kweli. Phelesia ametangaza soko zima kwamba mguu umepona na Jumamosi sina sababu. Onyango naye amejitolea kunivusha bure. Najua anachotaka: nilie mbele ya Roseline. Nilitaka kukataa kwa heshima. Nikajisikia nikisema asante, nitakuja, na nitakaa mbele kabisa. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 4 Agosti

Nimepata dawa. Maroa, mlinzi wa duka ambalo nashonea kwenye baraza lake, ni Mkuria wa Kegonga aliyepigana Burma. Anasema huko mtawa mmoja mwenye kichwa kilichonyolewa alimfundisha dawa ya hofu. Bei yake suruali ya kaki. Nikakubali, nikaongeza na mfuko wa nyuma.

Dawa yenyewe: kaa. Sikia pumzi ikiingia, sikia ikitoka. Taja kilichopo hapa, sasa hivi. Si cha jana, si cha kesho. Nikauliza, ni hayo tu? Akasema ni hayo tu. Nikauondoa kwenye bei ule mfuko wa nyuma. Nikauliza kama ilimsaidia yeye. Akasema sana, kwani siku ya kwanza alipofumba macho waliiba viatu vyake, naye hakuona uchungu wowote mpaka alipofumbua.

Nimejaribu nikiwa kazini. Pumzi inaingia. Pumzi inatoka. Utulivu wa ajabu! Nimeshona miguu miwili ya suruali ya pasta ikawa mmoja. Pasta amekuja, ameitazama, ameniambia hawezi kuhubiri akirukaruka.

Ijumaa, 5 Agosti

Leo jambo kubwa. Maroa amenipeleka ufukweni. Nikasimama mbali. Akaniambia nitaje kilichopo. Nikataja: maji, matope, bata wawili, mama anasugua sufuria. Akauliza ni yupi kati ya hao anayeniita jina.

Nikasikiliza. Hakuna! Bata hawakuniita, wala maji. Sauti ilikuwepo, lakini haikutoka ziwani. Ilikuwa sauti ya dani, ile ya zamani, alipokuwa bado na meno yote. Na aliyekuwa akiisikiliza ni mtoto wa miaka sita, shati limechanika, amejificha nyuma ya ghala la mtama. Nikamwona kabisa. Nikajiuliza, mbona mimi namtii huyu? Mimi nina sharubu! Nina cherehani!

Nililia kidogo. Si kwa woga. Nilimwonea huruma, maana amekaa huko nyuma ya ghala miaka yote hii na hakuna aliyekwenda kumwambia atoke.

Kisha nikaingia. Vifundo vya miguu. Magoti! Maji yalikuwa ya baridi, basi. Ziwa halikuuliza mimi ni nani.

Nikarudi nikipitia kwa Onyango makusudi, ili aone suruali ilivyolowa. Akaniuliza kama nimejikojolea.

Jumamosi, 6 Agosti. Takawiri!

Naandika nikiwa kisiwani. Kisiwani! Mimi!

Tulitoka asubuhi watu watatu: Onyango kwenye injini, Phelesia na kapu lake katikati, mimi mbele kama nilivyojitapa. Ufuko ulipoanza kuwa mdogo, sauti ikaja. Nikafumba macho. Ubao chini ya makalio. Soksi zenye maji. Harufu ya petroli. Pumzi inaingia. Pumzi inatoka. Nikaendelea hivyo, na baada ya muda dunia yote ikanyamaza, hata mngurumo ukaisha. Nikajua nimefika pale alipofika yule mtawa.

Kumbe injini imezimika.

Nilijua niliposikia mtu analia. Nikafumbua macho nikitegemea ni mimi. Onyango! Ameikumbatia injini kama mtoto mgonjwa, anamwita mama yake. Ikatoka yote: utotoni mama yake alimwambia kwamba mtumbwi ukisimama katikati ya maji, ziwa linachagua mmoja wa kubaki naye. Ndiyo maana akanunua injini kubwa, asisimame kamwe. Miaka yote ananicheka, na yeye ana mtoto wake nyuma ya ghala!

Nilimhurumia. Kisha nikakumbuka ule mtumbwi wa kushonwa, huruma ikapungua. Lakini nikamfundisha, kwa upole, kama mtu mkubwa. Nikamwambia ataje kilichopo. Akataja maji. Nikamwambia ataje kingine. Akataja maji ya upande wa pili. Phelesia akasema kilichopo ni kasia, liko chini yake, na kama amemaliza kulia amsogezee.

Tukapiga kasia, mimi na Phelesia, hilo moja kwa zamu. Zamu yangu ya kwanza tulizunguka pale pale. Ya pili tukaenda mbele. Ndiyo, mbele! Mikono imechubuka yote na naipenda.

Tukafika. Roseline alikuwa amesimama ufukweni na baba yake. Nikainuka kwa heshima ili nishuke kama mwanamume, na mguu ule uliovutwa ukakataa. Nikaanguka. Kichwa, suti, kila kitu ndani ya ziwa! Nikakaa chini ya maji nikisubiri linichukue. Halikunichukua. Nikasimama, maji yananifika mapajani, nikalipigia kelele ziwa: Ni mimi, Wangwe! Jina ni hilo hilo!

Roseline alicheka mpaka akashika tumbo. Baba yake alisema hajawahi kuona mtu anayelisalimia ziwa hivyo, nipewe nguo kavu na kiti cha karibu. Phelesia alisimulia habari za Onyango hata kabla ya maji ya kunawa kuletwa. Kuna kasia la pili aliloliongeza mwenyewe, lakini sikumsahihisha. Nimekula samaki aina ya ngege na ugali mpaka jasho likanitoka. Roseline alinipakulia mara mbili, akaninong'oneza kwamba alijua nitakuja.

Tumekubaliwa! Nimewasimulia habari za Maroa na dawa yake, na sharti ni moja. Ng'ombe wa mahari watoke Kegonga kwa ndugu zake Maroa, maana mzee anaamini wale wa Wakuria ndio imara. Kegonga ni mbali, juu kabisa bara, lakini barabara ipo na malori yapo. Kazi ndogo.

Jumatatu, 8 Agosti. Sindo.

Nimerudi kwa maji, macho wazi, nikiwafahamisha abiria wote majina ya bata. Moja kwa moja kwa dani. Nimemweleza kila kitu.

Dani amecheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni. Kumbe baba mdogo Wangwe hakuzama! Alivuka kwenda Musoma na mke wa mtu. Ukoo ukaona aibu, ukasema ziwa limemchukua. Yuko hai, amenenepa, anauza chumvi. Na mimi nilitishwa kwa sababu nilikuwa nikifungua mitumbwi ya watu, ikielea ovyo.

Miaka thelathini na moja! Nikasimama katikati ya nyumba. Nikatangaza kwamba kuanzia leo mimi Dishon Wangwe siamini tena hadithi yoyote ya utotoni. Nimekuwa huru. Naamini kilichopo hapa, sasa hivi, basi!

Dani akasema vizuri sana, akawasha kiko chake upya. Kisha, bado anacheka, akasema isitoshe jina langu lenye uzito ni lile la pili, Ogola, la ndugu yake babu. Huyo alifia barabarani, akielekea Kuria.

Alikuwa anacheka, lakini mambo ya jina si mchezo. Barabara inaweza kudhani nimetoroka.

Hakuna shida. Nina mpango. Onyango nimeshamkodi, na injini yake imetengenezwa. Jioni nimekwenda kwa Maroa kumuuliza ni ufuko gani hasa mtu hupandia mtumbwi wa kwenda Kegonga. Amejipima kiuno kwa viganja. Kisha akasema hiyo itakuwa suruali ya pili.