Chai ya Usingizi Katika Duka la Magodoro

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Tajiri ameingia dukani asubuhi, akatembea kati ya magodoro mikono ikiwa nyuma, akasimama mbele ya lile kubwa la springi lililoegemea dirisha tangu duka lifunguliwe. Tunaliita Bwana Mkubwa. Limeziba mwanga, limeziba upepo, na kila anayeliuliza bei hucheka akaondoka. Tajiri akasema amechoka kuliona. Anasafiri, atarudi Jumamosi, na atakayekuwa ameliuza ndiye meneja wa duka.

Atakayekuwa ameliuza! Kana kwamba kuna mjadala. Mimi nilianza kazi hapa kuta hazijapigwa rangi. Mwenzangu ni Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi nilimwombea mimi, kwa kinywa changu hiki. Hata kufunga godoro kwa kamba juu ya pikipiki nilimfundisha mimi. Sasa akiwa meneja, nitamwomba ruhusa ya kwenda msalani mtu aliyekula kwangu mwaka mzima? Sitaki. Nasema sitaki!

Shemeji amenitazama, akatabasamu, akasema tumwachie Mungu. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 4 Machi

Sikupata usingizi. Niligaragara hadi mke wangu akatishia kunihamishia sebuleni. Asubuhi ameniburuta hadi kwa mfamasia, jirani na duka letu. Huyo bwana akatoa kichupa cha matone. Akasema yamekamuliwa kutoka kwenye mmea uitwao melisa, wa ukoo mmoja na mnanaa, ila majani yake yananukia limau. Watu huyanywa kutuliza wasiwasi na kuvuta usingizi. Kisha akaanza kuonya. Si miujiza. Wengine huwasaidia, wengine huwaacha walivyo. Mwenye kutumia vidonge vya usingizi asiguse bila kuuliza, mjamzito vilevile. Anapenda kuonya, yule!

Nimeyanywa kwenye maji ya moto, dukani. Baada ya muda nikajikuta shavu liko juu ya kaunta. Shemeji amenifunika na shuka la maonyesho, bila kuombwa.

Nilipoamka nilikuwa na wazo!

Mteja wa godoro hajui kujaribu. Anabonyeza kwa ngumi. Anakalia kwa tako moja kama anayesubiri kuitwa hospitali. Anauliza bei, anaguna, anasema atapita. Hapiti! Lakini akinywa chai yangu, akajilaza kidogo, akapitiwa na usingizi juu ya Bwana Mkubwa? Ataamka, ataliona godoro, atatoa pochi. Umeneja huo!

Nimerudi kununua vichupa zaidi. Mfamasia akasisitiza niwaambie watu kilichomo. Nikamwambia bila shaka. Nimeandika kibandiko kizuri, herufi kubwa. Nimekibandika kwenye birika, upande unaotazama ukuta.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu ameuliza birika lake la wageni limekwenda wapi. Nikasema liko kazini. Si uongo.

Nimemlaza Bwana Mkubwa katikati ya duka na kumvua nailoni. Shemeji akashika kichwa. Kwa kweli ni kosa kubwa katika kazi yetu. Godoro likishavuliwa nailoni, mteja husema limeshalaliwa. Nikamwambia asiyethubutu ataendelea kuuza mito.

Ili mfamasia asije akanisumbua, kila mteja namuuliza kwanza kama anatumia vidonge au ni mjamzito. Fundi mmoja wa kuchomelea mageti, mwenye ndevu hadi kifuani, amekasirika sana.

Wa kwanza kujilaza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Akanywa, akavua viatu, akanyooka. Nikangoja akorome. Wapi! Chai ikamtuliza tu, na alipotulia akaanza kunisimulia habari za ndoa yake, kuanzia posa. Nilikaa ukingoni mwa godoro nikiitikia kwa kichwa. Alipomaliza akanishukuru, akasema mwanawe mwenyewe hamsikilizi hivyo. Akanunua foronya moja. Kwa Shemeji!

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kisha balaa.

Trafiki wa njia panda iliyo mbele ya duka ameingia kupumzisha miguu. Nikamkaribisha chai. Akajilaza hivyohivyo na kofia yake usoni, na papo hapo akaanza kukoroma. Kukoroma kwa kweli, kwa mluzi! Nikamtazama Shemeji kwa dharau. Shemeji akanionyesha barabara.

Ee Mola wangu. Magari yamekwama pande zote. Honi, matusi, mtu amepanda juu ya boneti anaelekeza wenzake kwa fagio. Nami ni nani, nimwamshe askari? Nilikohoa. Nikaangusha stuli. Hakuna kitu. Mwishowe Shemeji akamgusa bega taratibu, akamwambia afande, njia panda inakuhitaji.

Trafiki akaketi. Macho yalikuwa yamemlowa. Akasema hajalala vile tangu ahamishiwe mjini. Nikashika kitabu cha risiti. Nikasema, basi afande, nikuandikie?

Akaniuliza kulikuwa na nini kwenye ile chai.

Kwenye chai! Nimetaja springi, nimetaja sponji, nimetaja dhamana ya kampuni. Hakusikia. Akaligeuza birika, akaona kibandiko, akakisoma kwa sauti, akatoka mbio kwenda kwa mfamasia. Hata njia panda ameipita.

Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa umepata habari. Foleni imetoka mlangoni kwangu. Wanakunywa, wanajilaza, wanasinzia, wanaamka, wananishukuru, wanakwenda kununua vichupa. Godoro hawaliangalii. Mmoja ameniambia kwa upole kwamba sasa hahitaji tena godoro jipya, lile la zamani litatosha. Mfamasia amenipungia mkono kutoka mlangoni kwake. Anacheka! Vichupa vimekwisha, ameagiza vingine.

Nimefanya biashara kubwa kuliko zote maishani mwangu, na nimemfanyia mtu mwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki hii nzima sijalala sawasawa. Macho yamekuwa mekundu. Nimeficha birika. Wateja wamenuna.

Shemeji yeye yuko palepale, mtulivu, anauliza kila mtu analala ubavu au chali, shingo inamwumaje. Kama daktari! Anauza mito kama njugu. Ila Bwana Mkubwa bado yupo, na kesho Tajiri anarudi.

Kuna njia moja tu imebaki. Mteja akiona mtu amelala kwa raha mchana, atatamani. Nitajilaza mimi mwenyewe. Nitafumba macho kidogo tu, kwa maigizo. Na ili niigize vizuri, nitakunywa chai kidogo. Labda vikombe viwili.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimeuzwa.

Naandika nilivyosimuliwa, maana mwenyewe sikuwepo. Nilikuwepo, ila nilikuwa nakoroma.

Mfamasia ameingia kunishukuru kwa biashara niliyomletea. Akanikuta nimelala juu ya Bwana Mkubwa, mdomo wazi. Akasema kwa usingizi ule si matone tu, yule ndugu amechoka. Kisha akakumbuka kwamba mama yake ana mgongo mbaya, na anatafutiwa godoro. Shemeji akamuuliza mama hulalaje, huamka akishika wapi. Mfamasia akauliza kama springi hazilii. Shemeji akaninyooshea kidole, akasema mtazame huyu, tangu asubuhi anageuka kama chapati, umesikia mlio?

Akalinunua. Akalipa papo hapo. Na nani anaingia mlangoni wakati huo? Tajiri!

Tajiri akasema niamshwe na nifukuzwe. Shemeji akamsihi. Akasema mwacheni shemeji yangu, dada amenieleza hajalala wiki nzima. Basi wakaninyanyua pamoja na godoro, wakanipakia kwenye pikapu. Pale njia panda, Trafiki akasimamisha magari yote kutupisha, akapiga saluti. Mtaa mzima uliona. Wengine walivua kofia, wakidhani ni msiba.

Nimezinduka uani kwa mfamasia. Kikongwe mmoja amenisimamia na fagio, anamuuliza mwanawe kama nimekuja na godoro au mimi ni nyongeza.

Nimekimbia hadi dukani na soksi. Nimechelewa. Funguo zilikuwa mkononi mwa Shemeji.

Jumapili, 9 Machi

Ukoo wote wa mke wangu umejaa sebuleni kumpongeza meneja. Mama mkwe amepiga vigelegele. Nimepewa kiti cha karibu na mlango. Imeniuma. Hapa hakuna anayesoma, basi niseme: imeniuma sana. Mimi ndiye wa kwanza pale. Niliamini kiti cha umeneja ni changu.

Shemeji akasimama, akaomba watu wanyamaze. Akasema bila mimi mfamasia asingeingia dukani. Akasema amemwambia Tajiri kwamba wazo la chai lilikuwa langu, na ameomba niwe msaidizi wake, na kamisheni ya Bwana Mkubwa tugawane. Tajiri amekubali. Kisha akaja pale mlangoni nilipokaa, akachuchumaa, akaniita kaka. Akasema umeneja hajui unaanzia wapi, anaogopa, na hana mwingine wa kumfundisha.

Nilitaka kulia mbele za watu. Nikamwambia asiogope, nipo.

Walipoondoka, mke wangu ameniuliza kama safari hii nimejifunza lolote. Nimemjibu kwa dhati kwamba nimejifunza sana. Nimekaa jikoni nikipitia wiki nzima, hatua kwa hatua, na kosa nimeliona. Ni moja tu. Chai niliinywa mimi.

Kesho Shemeji anaanza kazi, na Tajiri amesema atapita kumwangalia. Siku ya kwanza ya umeneja! Maskini, lazima atakuwa na wasiwasi mwingi.

Birika nimeshalisugua.