Wiki Niliyotaka Kuwa Mhangaza

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Mvua asubuhi. Maharage yameota, yangu vizuri kuliko ya Anatory. Habari njema zimeishia hapo.

Anatory ni jirani yangu na mwenyekiti wa kitongoji. Vyote viwili ni majaliwa ya Mungu, mimi sikuombwa ushauri. Leo ametukusanya kutusomea tangazo. Warundi wote wanaoishi vijijini, hata wale wa zamani, wahamie kambini. Uhakiki ni Ijumaa, ofisi ya kata. Amesoma polepole, kama masomo ya Ijumaa Kuu, na kila penye neno “wageni” akaniinulia macho. Nimehesabu. Mara sita!

Nilivuka kutoka Burundi mwaka 1972 na jembe lisilo na mpini. Leo nina miaka hamsini na nne, shamba la migomba, na Ildefonsa, binti wa hapa hapa Kirushya. Hapo ndipo penye jambo. Kambi nimeiona: turubai juu ya turubai, mgomba hakuna hata wa kuonyesha watoto. Ildefonsa amesema nikienda naye anakwenda, na papo hapo ameanza kukunja mikeka. Nimemkatalia. Goti lake linauma, na baba yake, Mzee Pancras, hali chakula cha mkono mwingine. Haiwezekani mtu awe mkimbizi katika wilaya aliyozaliwa! Na mimi nikienda peke yangu? Miaka ishirini na tatu sijui hata shati langu hukaa wapi.

Uamuzi: kufikia Ijumaa niwe Mhangaza, kama wenyeji wote wa hapa. Siku nne zinatosha. Lugha zetu ni mtu na dada yake. Wamenizidi kuzaliwa hapa tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Hatua ya kwanza: kuacha kusema “kwetu”. Ildefonsa anadai neno hilo nalitumia kuliko chumvi. Ni kweli kwamba kwa miaka yote hii nimewaeleza watu hawa, kwa faida yao wenyewe, kuwa kwetu Muyinga ndizi ni ndefu zaidi, vilima vimepangwa vizuri zaidi, na hata mbwa hawabweki bila sababu. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Alasiri nimekwenda penye mtungi. Wamenichokoza kama kawaida: haya, Mrundi, hii ikoje ukilinganisha na ya kwenu? Nikavuta mrija. Nikasema kwetu ni hapa, na pombe hii ni nzuri.

Mmoja akanishika paji la uso. Mwingine akasema malaria ya mwaka huu inaanzia kichwani. Nimefika nyumbani nikakuta uji umeletwa kutoka nyumba tatu. Mmoja umetoka kwa Anatory. Nimeunywa wa mwisho. Ulikuwa mtamu, jambo lililoniudhi.

Jumatano, 8 Oktoba

Hatua ya pili: shahidi wa kuzaliwa. Nimekwenda kwa Bibi Leonsia, mkunga. Amewapokea duniani nusu ya watu wa kata hii na wote bado anawasema. Nimempa shikamoo mbili, ya kawaida na ya ombi. Nikamwomba aseme mbele ya afisa kwamba alinizalisha mimi.

Amekubali kwa tumbaku kidogo. Kisha akahesabu kwa vidole. Yeye ana miaka sitini na mmoja. Nikazaliwa yeye akiwa na miaka saba! Nimekata tamaa, yeye hapana. Amesema alikuwa mtoto mwerevu. Atasema mama yake ndiye aliyenizalisha, na yeye alishika taa.

Akataka kujua mama yangu aliitwa nani, ili uongo uwe na uti wa mgongo. Nikamtajia. Akalirudia jina mara mbili, taratibu, kama mtu anayepokea kitu cha kuvunjika. Miaka ishirini na mitano na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nimemwongezea tumbaku. Moshi wa jiko lake ni mkali sana kwa macho.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hatua ya tatu, na hii ndiyo ya akili. Mtu asiye na ukoo si mtu wa hapa. Kila ukoo una mwiko wake, mnyama ambaye hawamli. Nimechagua watu wa mwiko wa mbawala. Kwanza ni wengi, mmoja zaidi hawatamwona. Pili, mbawala mwenyewe sijawahi kumpata, kwa hiyo kutomla hakunigharimu kitu. Tatu, majina ya babu zao nimeyasikia kwenye pombe hata nayaota.

Nimeshinda shambani nikiyakariri. Babu wanane, kuanzia juu kushuka, kisha kuanzia chini kupanda. Ildefonsa amenisikia akaja kusimama kando ya mgomba. Amesema hajawahi kujua kwamba nawaombea wazee wake waliokufa. Macho yamemlowa. Jioni amenipikia maharage ya akiba na ndizi za kuchagua, akanipa na kigoda chake.

Sikumweleza mpango. Mambo ya ukoo ni ya wanaume.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimetulia kidogo ndipo ninaandika.

Foleni ilikuwa ndefu, malori mawili yamesimama nje. Afisa ni mtu wa Lushoto, mpole, ana mafua. Niliitwa. Nikataja jina, Felisiani, na mahali pa Nshimirimana, jina la Kirundi kabisa, nikakohoa.

Bibi Leonsia akatoa ushahidi. Alishika taa. Kisha akanogewa. Mvua ilikuwa inanyesha, akasema, na nilitanguliza miguu, na hata kabla sijakatwa kitovu nilikuwa nalalamika. Watu wakapiga makofi. Hapo walimwamini. Afisa akaandika.

Akaniuliza ukoo. Nikajinyoosha. Mwiko wetu ni mbawala, nikasema, na nikawashusha babu wote wanane bila kujikwaa.

Nyuma yangu nikasikia mtu anaguna. Mzee Pancras! Alikuwa ameletwa kwa baiskeli kuja kunitetea mkwe wake. Akasimama na fimbo. Akauliza, mbawala? Nikajibu ndiyo, baba, mbawala. Akauliza, na mke wako ni nani? Nikajibu, kwa fahari, ni Ildefonsa, binti yako, wa ukoo wa mba—

Hapo ndipo nikakumbuka. Huku mtu haoi mtu wa mwiko wake. Awe ametoka ng'ambo ya pili ya ziwa, hawajawahi kuonana, ni dada yake tu. Nami nimeoa dada yangu, nimekiri mbele ya serikali, na mkunga ameshuhudia!

Wanawake wakapiga yowe. Ildefonsa akajifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Mzee Pancras akanguruma kwamba nyumba yake haina uchafu huo. Huyu si damu yetu! Ametoka Burundi na jembe lisilo na mpini, kila mtu anajua! Amenitolea ng'ombe wawili wa mahari, mmoja mwenye baka jeupe tumboni! Nani anapokea mahari kwa mwanawe mwenyewe? Watu wakaitikia. Ng'ombe wa baka walimkumbuka wote.

Afisa akaweka kalamu chini. Akasema kwa upole: kwa hiyo ni Mrundi.

Mzee Pancras akatambua alichosema, akakaa chini kama aliyekatwa miguu. Nikiwa wa mbawala sina mke. Nisipokuwa wa mbawala sina kijiji. Kanga ya Ildefonsa ikashuka. Mwanzo alikuwa anacheka, nilimwona kwenye mashavu. Sasa alikuwa analia. Nikawasahau babu zangu wote, wa kuazima na wa kweli.

Ndipo akasimama Anatory. Nikajua yamekwisha.

Akasema, bwana mkubwa, mtu huyu ni mwongo. Watu wakakubali kwa vichwa, Mzee Pancras kwanza. Akasema, si wa mbawala na hajawahi kuwa. Ni ndugu yangu mimi.

Afisa akauliza kwa nini basi hakusema tangu asubuhi. Anatory akasema kwa sababu hatusemezani vizuri. Tangu lini? Tangu 1983. Kwa nini? Kwa ajili ya mpaka wa migomba, huyu mwizi aliiingiza migomba yake mitatu kwangu.

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Nikamwambia migomba hutambaa yenyewe, kila mkulima anajua, isipokuwa yule aliyepewa shamba na baba yake likiwa limeshalimwa! Akasema yangu hutambaa kuelekea upande mmoja tu, wa kwake. Nikamuuliza na mbuzi wake je, aliyekula mihogo yangu, naye alitambaa? Akasema mbuzi huyo alikufa mwaka 1985, nimwache apumzike. Nikasema alikufa kwa dhambi zake. Afisa akagonga meza. Akagonga tena. Hatukumsikia.

Mwishowe tulipohema, akapenga kamasi akaanza kucheka kichovu. Akasema huko kwao Lushoto ana kaka yake. Hawajasalimiana tangu matanga ya baba yao, kwa ajili ya mistari miwili ya kahawa. Mgeni husamehewa, akasema, kwa sababu ataondoka. Miaka kumi na minne juu ya migomba mitatu! Hao ni ndugu, hahitaji kuonyeshwa cheti. Akaandika: ndugu wa mwenyekiti, abaki. Muhuri.

Ildefonsa alinishika mkono mbele za watu. Hatufanyi hivyo huku.

Aliyenifuata kwenye foleni ni Niyokwizera, fundi baiskeli. Tulivuka naye siku moja. Mtu mpole, hajawahi kugombana na mtu. Afisa akauliza nani anamfahamu. Wote tulisema ni mtu mwema. Akauliza ni nani wake. Tukatazamana. Nami pia nilitazama chini. Ndugu wa jana hawezi kuleta ndugu wa leo. Amepanda lori na boksi lake la spana.

Jumamosi, 11 Oktoba

Anatory amekuja kumekucha, na mke wake Deodata, na buni mbili za kahawa kiganjani. Amesema kuidanganya serikali ni jambo dogo, itasahau. Kudanganya juu ya damu ni jambo jingine, damu haisahau, itatuletea maradhi. Lazima uongo wake tuufanye kweli leo hii kabla ya kula.

Nimesema vizuri. Zamani watu wakifanya udugu wa damu walichanjana kwa wembe, kila mmoja akameza buni yenye damu ya mwenzake. Siku hizi nesi amekataza kabisa wembe wa watu wawili, kwa sababu ya ugonjwa huu. Tumebishana kidogo. Nilipendekeza nyembe mbili. Deodata akasema tuache ujinga, mate yanatosha. Kwa hiyo kila mmoja akaiweka buni shavuni mwake, tukabadilishana, tukameza. Ya Anatory ilikuwa na ladha ya tumbaku.

Kisha maneno. Ukiwa na njaa nitakulisha, nikasema. Ukifukuzwa nitakuficha, akasema yeye, na sauti ikamkatika katikati. Alidai buni ilikuwa chungu. Yangu nayo ilikuwa chungu. Tumesimama pale kitambo, watu wazima wawili, tukikohoa na kutazama migomba.

Deodata na Ildefonsa walikuwa wameshaingia jikoni. Vicheko vilisikika mpaka barabarani.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda kambini na mkungu wa ndizi kichwani. Ildefonsa alitaka nipeleke na maharage, Anatory akaongeza mkungu wake, mdogo kuliko wangu. Nimemkuta Niyokwizera anaziba pancha. Siku mbili tu na tayari ana foleni! Ameniuliza habari za Kirushya kana kwamba ameondoka miaka. Nimemweleza zote. Sikumweleza habari ya buni. Alipotaka kunisindikiza nimemwambia abaki, jua ni kali. Njia nzima nimetembea polepole.

Ildefonsa alikuwa mlangoni. Alipokea ngata yangu ya kichwani na kusema shati langu lingine liko kwenye kikapu cha juu, kushoto, nijue siku nyingine.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua nzuri. Nimeamka na mawazo mapya.

Mimi sasa ni mkazi halisi, kwa muhuri. Mkazi halisi ana haki zote. Anaweza hata kugombea uenyekiti wa kitongoji! Kwa nini sikuliona hili mapema? Kitongoji kinahitaji mtu aliyeona nchi nyingine, mwenye kufikiri, mwenye mipango. Anatory ni mwema, sikatai, lakini husoma matangazo polepole mno, na amekaa pale muda mrefu. Hata kwake mwenyewe itakuwa nafuu.

Nimemweleza Ildefonsa. Ameleta maji ya kunywa na kunishika paji la uso. Nimemwambia sina malaria. Amesema hilo ndilo linalomtisha.

Barua nimeiandika, kurasa mbili, mwandiko safi. Nimegusia barabara, kisima, na mbuzi wanaozurura. Imebaki saini moja tu ya mdhamini. Awe mtu mwenye heshima kijijini, na ikiwezekana ndugu wa karibu wa mwombaji.

Ninaye mmoja. Kesho asubuhi na mapema namwendea, kabla hajaenda shamba.