Tangi la Nyigu

Sabuni aliitwa hivyo kwa sababu kila aliyejaribu kumshika alibaki na povu mkononi. Asubuhi hiyo alikuwa kwa kinyozi, nusu ya ndevu imeondoka, redio ilipotaja Nyigu, gari la mashindano lililotwaa ubingwa wa mwaka. Wapinzani walidai lina tangi la siri: linajazwa maji siku ya kupimwa uzito, maji yanamwagwa njiani, gari linabaki jepesi kama karatasi. Wenye gari walikana. Kamati ya mashindano ilikuwa na picha tu ya tangi limewekwa chini, lina kibonyeo ubavuni. Nusu ya mji ikasema bingwa, nusu ikasema mwizi.

"Kila mtu anataka kuliona, na wenyewe hawataki lionekane," Sabuni akajisemea. "Hilo ni langu."

Akaondoka na ndevu za upande mmoja.

Kulikuwa na fundi wa kuchomelea, mwanamke mkimya, ambaye uani kwake lilioza gari kuukuu la mashindano. Sabuni hakuwa na cha kumpa, basi akambebea cherehani ya mkewe iwe rehani, ile iliyolisha nyumba nzima, yeye akiwemo. Alijiapia itarudi kabla ya Jumamosi. Mke alishamwambia: kikipotea kitu kingine humu ndani, mlango nautia komeo.

"Halina injini, kaka," fundi alisema.

"Dada yangu, la kutazamwa injini ya nini? Lipake njano na nyeusi, kisha chini ya kiti nichomelee tangi."

Fundi akapandisha miwani yake ya giza, akamtazama kitambo. "Ninalo moja. Ila lina kibonyeo."

"Kibonyeo! Mungu akupe nini! Bei gani?"

"Bure. Tia sahihi hapa tu, kwamba umekuja nalo mwenyewe. Sitaki maneno baadaye."

Sabuni akatia sahihi yenye mikia mitatu. Tumsamehe. Mtu ambaye hajawahi kumpa yeyote kitu cha bure alipewa, na hakujiuliza.

Mwenye hoteli kubwa ya mjini, alipoambiwa na Sabuni kwamba wenye Nyigu wanamuuza kwa siri, aliuliza swali moja. "Kwa nini waniuzie mimi?"

"Mzee, likikutwa kwao ubingwa umekwenda. Kwako ni pambo. Inama uone."

Mzee akainama na tumbo lake lote, akaliona tangi, nusura alie. Wakapatana: bahasha Ijumaa, gari likishaingia ukumbini. Lakini mzee mdomo ukamwasha. Ijumaa aliualika mji mzima, na mkaguzi wa kamati naye akaja.

Mkaguzi alijilaza sakafuni na koti lake zuri, akatoka na picha mkononi. "Tangi ndilo."

"Si nilisema!" mwenye hoteli akapiga makofi.

Mkaguzi akafunua nyuma. Tupu. "Na injini? Au Nyigu alishinda kwa kusukumwa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Tena Nyigu mwenyewe tumemkagua asubuhi. Hana tangi, hana hata tundu." Akachomoa karatasi. "Fundi katuletea hii. Nani mwenye sahihi ya mikia mitatu?"

Sabuni akapiga hesabu. Akisema gari ni halisi, kamati inamkamata. Akisema ni la uongo, mwenye hoteli anamkamata. Akachagua mlango wa jikoni, bila bahasha.

Nyumbani akakuta komeo limetiwa. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma.

"Mama watoto! Imerudi?"

"Fundi kaileta mwenyewe. Kasema hakuihitaji. Alimhitaji mtu wa kumbebea tangi."

"Kumbe Nyigu alikuwa nalo!"

"Mambo ya magari siyajui. Najua wenye Nyigu wamenipa bendera mia za ubingwa nishone."

Sabuni akajikuna upande wenye ndevu. "Nifungulie basi, nikusaidie japo kukata nyuzi."

"Kwa bei gani?"

"Bure, mke wangu."

Cherehani ikanyamaza. Karatasi ikapenya chini ya mlango, na kalamu juu yake.

"Tia sahihi kwanza."