Malalamiko Kuhusu Taa ya Samaki Uliyotuchagulia

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Machi 2015

Kwa shemeji yangu Moïse,
Muuza taa na nyaya, Area 36, Lilongwe

Shemeji mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na biashara inakwenda. Sisi huku tu wazima wote, isipokuwa mimi. Naandika kwa heshima anayostahili ndugu wa mke wangu Sophie, na nimevuta pumzi mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Unajua jambo lilivyoanza. Ile familia ya Lilongwe ambayo dada yako Sophie alikuwa akiifulia nguo ilihama, ikamwachia sanduku la kioo lenye maji, mimea na samaki saba. Sophie akaliweka kwenye karakana yangu ya kushonea, ambayo dirisha lake, kama unavyokumbuka, linatazama ukuta wa jirani. Mimea ikaanza kunyauka kwa kukosa mwanga. Akakupigia simu, na wewe ukakubali kusaidia.

Taa ya kwanza uliyotuma ilikuwa ya manjano, na majani nayo yakawa ya manjano. Ya pili ilikuwa nyeupe kali. Sophie akaiwasha kutwa nzima, na baada ya wiki mbili maji yalikuwa ya kijani mazito kama mboga ya sombe, samaki tukawa tunawakisia tu. Ndipo uliposoma kwenye simu yako siku tatu, ukatuandikia kurasa nne za maelezo, ukatuma hii ya tatu: taa ya LED yenye vijitaa vyekundu na vya bluu, iwashwe kwa muda wa saa nane kwa siku, isizidi. Betri yetu ya sola inabeba taa moja tu. Kwa hiyo taa ni ya samaki, na fundi anaazima mwanga kwao. Malalamiko yangu ni haya:

1. Taa inafanya kazi. Mimea imestawi hadi inachungulia nje ya maji. Kila Jumamosi Sophie anaipunguza na kuwagawia majirani, nao wanakuja na vikombe vya kuibebea, wanakaa kwenye benchi la wateja na kutazama. Mzee René alikuja asubuhi kuchukua suruali yake. Aliondoka saa kumi, bila suruali.

2. Nsima, ugali wa huku, imekuwa ya waridi. Mimi mtu wa Uvira nilitumia miaka tisa kuizoea ikiwa nyeupe. Sasa naanza upya.

3. Afya yangu. Mchungaji Balagizi alipita kunisalimu, akanitazama usoni, akanishika mkono na kuanza kuniombea. Kabla ya amina, kabaza ilikuwa imeshaitwa. Nikapakiwa kwenye baiskeli hadi kituo cha afya, watu wakinipa pole njia nzima, nami nikapona mara tu jua liliponipiga. Muuguzi akauliza ninaumwa nini. Nikasema kichwa. Vidonge alivyonipa nilivimeza kwa adabu.

4. Hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Kwaya ya Sophie ilikuja kwangu siku ya mvua kubwa kuchagua kitambaa cha sare. Walijibana wote humo ndani, wakaomba kwanza kama desturi yao, wakatazama vipande chini ya taa yako, wakapitisha zambarau bila hata mmoja kupinga. Darlène, présidente wao, akasema, "Hii njo rangi yetu, batu batatuona tangu mbali." Kitambaa kikaletwa kwenye mvua, kimefungwa plastiki. Nimeshona sare ishirini na mbili chini ya taa hiyohiyo, nikizikunja na kuzitia kwenye mfuko moja baada ya nyingine. Juzi mvua ikakata, Sophie akatoka uani na yake kuipiga pasi. Shemeji, ni bluu.

Tena ni bluu ileile ya kwaya ya dada yenu mkubwa, Capitoline. Unajua mwenyewe kwamba tangu kwaya igawanyike mbili kwa sababu ya nani awe anaanzisha wimbo, miaka minne sasa, dada zako hawajasalimiana. Capitoline anakaa nyumba ya tatu kutoka yetu na hajakanyaga kwangu. Jumapili hii kwaya zote zinaimba kwenye ibada moja, na watasema tumewaibia rangi. Nani ataleta nguo kwa fundi asiyejua bluu? Nilipotoka Uvira, ufundi ndio kitu pekee nilichokuja nacho kikiwa kizima. Naogopa, shemeji, nakwambia wazi.

5. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Sare hazina kosa. Ndani ya karakana ni zambarau safi, na mashahidi ishirini na wawili wapo. Basi mwenye kosa ni jua. Naomba ufanye moja kati ya haya: uwaone wahusika, ukianzia serikalini pale Capital Hill, jua la Jumapili lirekebishwe hadi ibada iishe, au utume taa kama hii za kutosha kanisa zima pamoja na uwanja wake, au, kama yote hayo yanakushinda wewe uliyesoma siku tatu, utume taa nyeupe ya kawaida na uje uchukue hii, pamoja na samaki, mimea na benchi.

Nisalimie mkeo Raïssa, watoto, majirani zako wa dukani, na yule mteja wako wa Mitundu mwenye pampu. Samaki nao wanakusalimu, ingawa sikuwaruhusu.

Ni mimi shemeji yako, mwenye uchungu na adabu,
Lwaboshi, fundi cherehani

Nyongeza: Sikupata mtu wa kuileta barua hii mjini kabla ya Jumapili, kwa hiyo naongeza. Kwaya yetu iliingia na bluu, wale wengine wamekwisha kusimama na bluu yao. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Capitoline aliitazama sare ya mdogo wake kuanzia kola hadi pindo. Kumbe alidhani tumefanya makusudi, kuomba amani. Akasogea, akampa Sophie nafasi pembeni yake. Waliimba wamesimama mstari mmoja, na Sophie alilia tangu ubeti wa kwanza. Mimi nilianza wa pili. Watu wanasifu hekima yangu, na sijamsahihisha mtu.

Sasa hivi Capitoline yuko hapa kwenye benchi na kikombe chake, uso wa zambarau kama sisi wote. Amemuuliza Sophie, "Hizi samaki zinakulaka nini?" na ni saa nzima Sophie bado anamjibu. Taa nyeupe usitume. Tuma benchi la pili.