Jiji Ndilo Lililokosea

Basi la kutembeza wageni lilikuwa linataja vitu ambavyo havipo. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na nalisema wazi kwa sababu Halmashauri ya Jiji iliniteua mimi kulitatua. Nilikuwa kondakta wa basi hilo hilo. Nikapewa meza, muhuri na cheo: Afisa Mlinganishi wa Jiji na Rekodi. Shule niliacha darasa la sita, lakini kazi hii haikuhitaji kusoma. Ilihitaji kutii.

Basi lenyewe ni la ghorofa mbili, juu wazi, linaitwa Panda-Ushuke. Mgeni anakata tiketi ya siku nzima. Akipenda mahali anashuka, anatembea kwa miguu, anapiga picha, kisha anapanda basi linalofuata. Ndani kuna spika, na ndani ya spika kuna sauti ya Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri mwenyewe, akilieleza jiji lake kwa dakika arobaini.

Dakika hizo zilipimwa kitaalamu. Siku ya kurekodi, Mwenyekiti alizunguka njia nzima ndani ya basi, mbele pikipiki sita za polisi zenye ving'ora, barabara zote zimefungwa. Dakika arobaini kamili. Kisha barabara zikafunguliwa, basi likaanza kazi, na mzunguko ule ule ukachukua saa tatu.

Ndiyo maana sauti ilisema "kulia kwenu ni Jumba la Makumbusho" wakati kulia kulikuwa na bucha. Ilisema "hapa ndipo Mahakama Kuu" mbele ya choo cha kulipia. Wageni walishuka, wakachungulia. Mmoja alimwuliza mwenye bucha zile mbavu ni za karne gani.

"Za asubuhi," akajibiwa.

Rekodi ikiisha, basi lilikuwa bado halijafika hata robo ya safari. Saa mbili na dakika ishirini zilizobaki, wageni walisikiliza honi.

Watu wasioelewa utawala walishauri turekodi upya. Kamati ya Halmashauri ilikaa hotelini siku mbili kulijadili jambo hilo, ikaiona hatari: kurekodi upya ni kusema Mwenyekiti alikosea. Likapitishwa Azimio: "Pale jiji na rekodi vinapotofautiana, rekodi ndiyo sahihi, na jiji litarekebishwa ndani ya siku saba." Mwenyekiti alilisaini kwa kalamu yake, akapigiwa makofi.

Kurekebisha jiji si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Foleni yetu ina nidhamu kuliko watumishi wengi. Dakika ya tano basi huwa mbele ya bucha, kila siku ya Mungu. Basi bucha nikaipa kibao cha Makumbusho, na mwenyewe akaambiwa nyama isiuzwe, ikae ionekane. Choo kikapata bendera. Mlinzi wake akapewa joho jeusi, na tangu siku hiyo akawa anawauliza watu kama kesi yao ni ndogo au kubwa.

Dakika ya kumi na tisa ndiyo iliyoniletea balaa nyumbani. Hapo sauti husema: "Kushoto kwenu ni Bustani ya Umma. Shukeni, mtembee, mketi kwenye nyasi. Hapa ni pa kila mtu." Kushoto, dakika ya kumi na tisa, ni banda la fundi viatu. Fundi huyo ni kaka wa mke wangu. Tunamwita Kisigino. Yuko pale mwaka wa kumi na nne, anasomesha watoto wanne kwa sindano na gundi.

Notisi nilimpelekea mwenyewe.

"Shemeji, hii nini?"

"Siku saba. Wewe ni bustani."

"Mimi ni bustani?"

"Kwa mujibu wa rekodi."

Akaendelea kushona soli. "Dada yangu anajua?"

"Bado."

"Ukimwambia, simama karibu na mlango."

Nilimwambia. Mke wangu hakupaza sauti. Alisema tu kwamba siku banda la kaka yake likivunjwa, na mimi nikatafute bustani ya kulala.

Nikamwendea dereva wa basi. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa, mimi mlangoni, yeye usukani. Akakuna kidevu.

"Basi lisipokuwa pale dakika ya kumi na tisa, Kisigino hawezi kuwa bustani," akasema.

"Litakuwa wapi?"

"Si Mwenyekiti anataka tupite kwake? Kila wiki ananiuliza, wageni wataliona lini geti langu."

Ilikuwa kweli. Mwenyekiti alikuwa amemaliza nyumba yake mpya, na barua ya kuomba iingizwe kwenye vivutio vya jiji ilikuwa mezani kwangu mwezi mzima. Nikaigonga muhuri siku hiyo hiyo. Dereva aliomba jambo moja tu, achague mwenyewe mtaa wa kukatia. Nikamruhusu. Mambo ya kona si ya ofisini.

Jumatano basi lilifika kwa mara ya kwanza kwenye geti la Mwenyekiti, abiria hamsini na wanane. Geti lilikuwa limefunguliwa wazi kwa ajili ya picha. Mwenyekiti alisimama barazani na suti nyeupe, familia imepangwa kwa urefu. Spika ikakohoa, na sauti yake mwenyewe ikasema: "Kushoto kwenu ni Bustani ya Umma. Shukeni, mtembee, mketi kwenye nyasi. Hapa ni pa kila mtu."

Wakashuka. Nyasi zilikuwa nzuri kweli. Wakavua viatu, wakajinyoosha. Wawili wakaingia kwenye bwawa la kuogelea na kofia zao.

"Rudini kwenye basi," Mwenyekiti akasema. "Jamani, pandeni."

"Tutapanda linalofuata," mgeni mmoja mzee akamjibu kwa upole, akamkabidhi ganda la ndizi. Mtu mwenye suti nyeupe ndani ya bustani, angekuwa nani kama si mhudumu?

Linalofuata lilikuja baada ya saa tatu. Nalo lilikuwa limejaa, na nalo lilisema maneno yale yale.

Bibi mmoja mkazi wa jiji, aliyekuja na wajukuu, alinivuta shati. "Mwanangu, hapa kweli palikuwa bustani. Nilicheza hapa. Ule mti hapo kwenye magari yake niliuparamia mimi, mpaka wakaja kuweka ukuta."

Nikamwomba asichanganye mambo ya kweli na mambo ya Azimio.

Kesho yake Kamati iliitwa haraka. Mwenyekiti alitaka Azimio lisiiguse nyumba yake. Kwa heshima zote, nikamwuliza swali ambalo fomu inanitaka niulize.

"Mheshimiwa, niandike kwamba sauti yako ilikosea?"

Wajumbe wakaangalia meza. Nikiandika hivyo, bucha inauza nyama, choo kinakuwa choo, na Mwenyekiti anakuwa mtu aliyewahi kukosea. Nje waandishi wa habari walikuwa wamekaa kwenye ngazi. Mwenyekiti akanywa maji glasi nzima, taratibu, kama dawa.

"Sauti yangu haijawahi kukosea," akasema.

"Basi niandike siku saba?"

Alimtazama kila mjumbe kwa zamu yake. Hakuna aliyekuwa na macho.

"Andika."

Tingatinga la Halmashauri lilifika siku ya nane, kwa sababu siku ya saba lilikwama kwenye foleni.

Hasara ilikuwa hii. Kwa Mwenyekiti: vyumba kumi na viwili, ukuta wa mita mia mbili, geti moja la umeme, tangi la maji, na baraza ambapo alisimama mara moja tu. Kwa Kisigino: nusu siku ya kazi. Alifunga banda akaenda kutazama.